Boke na Maji Yanayosema

Haya nilipewa na Mokami wa Machochwe, mwaka jana, siku tulipokuwa tunapeta ulezi uani kwake na vumbi la makapi limetujaa mpaka kwenye nyusi. Mokami si mtu wa kuongeza chumvi. Akikuambia mvua ilinyesha, nenda kaangalie, utakuta ardhi imelowa. Kwa hiyo nayaandika kama alivyonipa.

Jirani yake ni Boke, mjane wa mzee Waitara. Wamepakana kwa uzio wa minyaa tu. Macho ya Boke yalianza kuondoka taratibu, kama mgeni anayeaga huku anarudi nyuma. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa anaona mwanga basi. Anajua mlango uko wapi kwa kuwa pale ni peupe, na anajua mtu amesimama mbele yake kwa kuwa pamekuwa giza. Lakini ugali anasonga mwenyewe, nguo anafua mwenyewe, na kaburi la mumewe nyuma ya zizi analifagia mwenyewe kila asubuhi.

Alikuwa na kuku wachache wa kienyeji. Mwewe na nguchiro wa kule hawana adabu, kwa hiyo kuku aliwafungia bandani, akawawekea maji ndani ya karai na pumba ndani ya sufuria kuukuu.

Siku moja akaja mwanawe, Mwikwabe, anayekaa Turwa kule Tarime mjini, ana duka la vipuri vya pikipiki. Akasalimia, akanywa uji, akaenda bandani kuangalia. Akarudi amebeba kitu kwa vidole viwili.

"Mama, huyu kifaranga amefia majini."

"Wapi?"

"Ndani ya karai. Na mwenzake yumo bado. Mama, karai limeota ukijani. Na yule mtetea wa shingo tupu yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufa na nini?"

Boke alijua. Jua lilikuwa kali siku zile, karai lilikuwa limekauka, na yeye alidhani maji yamo.

Mwikwabe akakaa chini. Mokami anasema hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisema polepole kabisa: "Mama, usinichukie. Kama huwezi kumnywesha kuku, wewe mwenyewe utajinyweshaje?"

"Mura," akasema, kama wanavyomwita kijana kwao, "mimi kinywa changu nakijua kilipo."

"Sikia. Ulezi ukishaingia ghalani nitakuja na gari. Nikikuta kuku wazima na wanakunywa maji safi, sitasema neno. Nikikuta kama leo, unapanda, tunakwenda Turwa. Chumba chako kipo, kina vigae, bomba liko ndani."

Mwikwabe aliposhika njia, Boke akamwambia Mokami: "Mwanangu ni mwema. Lakini nikifika Turwa nitakuwa mzigo uliokunjwa vizuri. Nani atafagia pale nyuma ya zizi?"

Basi wakaanza kutafuta dawa ya maji. Kwanza Mokami alileta tairi lililokatwa katikati, kama lile analonyweshea mbuzi. Kuku wakapanda juu yake kama watu kwenye viti vya kanisani, wakaharisha humo humo. Boke alipotia mkono kupima maji aliutoa upesi, akaunusa, akasema, "Hapa pana kila kitu isipokuwa maji." Halafu wakajaribu bakuli lenye jiwe kubwa katikati, vifaranga wasizame. Vifaranga wakapona kweli. Lakini kila mara ilibidi Boke ainame, apapase, atie kidole, na akitia kidole anaweza kulipindua. Akilipindua hajui. Jioni moja alikuta kuku wanahema midomo wazi na bakuli limelala kifudifudi.

Siku hiyo alikaa kizingitini muda mrefu. Akasema, "Mokami, nimeelewa. Ng'ombe akiwa na kiu analia. Mtoto analia. Moto ukizima, sufuria linanyamaza nikajua. Maji hayasemi. Yakiwepo kimya, yasipokuwepo kimya."

"Sasa tutayafundisha kusema?"

"Twende Mugumu tukaulize."

Walipanda bodaboda moja wote wawili, Boke katikati kamshika dereva kiuno, Mokami nyuma kamshika Boke. Mugumu wakaelekezwa kwa Mboje, Msukuma mmoja aliyekuja zamani na wachimba dhahabu, akakaa mashimo ya Matongo mpaka mgongo ukamshinda, akahamia Mugumu kufungua duka la dawa za mifugo na vyombo vya kuku.

"Shikamoo mayu," Mboje akasema. Mayu kwao ni mama.

"Marahaba. Nataka chombo cha maji na chombo cha chakula. Kuku wangu ni wachache."

"Mkurya na kuku! Nyie si watu wa ng'ombe? Kuku mmewaona wapi?"

"Na wewe umeacha pamba kwenu ukaja kufukua mawe yetu. Kila mtu na wazimu wake. Leta vyombo."

Mboje akacheka, akapanga vyombo mezani. "Haya, chagua. Hiki chekundu, hiki cha kijani…"

"Niletee na maji ndoo moja."

"Maji ya nini?"

"Mimi nachagua kwa masikio."

Mboje ndipo akamtazama usoni, akaacha kutania. Akaleta ndoo.

Walianza na vyombo vya chakula. Boke aligonga kila kimoja kwa ukucha, kama kuku anavyodonoa. Sinia la plastiki likafanya *pu pu*. "Hili limeziba mdomo," akasema, akalisukuma. Kihori kirefu cha bati kikafanya *ta ta ta*, na kilipokuwa na punje ndani kikafanya *tsa tsa*. Akapapasa juu yake akakuta kijiti cha mviringo kinachozunguka.

"Hiki cha nini?"

"Kuku akitaka kusimama juu achafue chakula, kijiti kinazunguka kinamwangusha."

Boke akakizungusha kwa kidole, akatabasamu. "Hiki kina akili kuliko kuku. Na bati linaongea. Kikiwa na chakula nitasikia, kikiisha nitasikia. Weka pembeni, hiki ni changu."

Yakaja maji. Mboje akaleta bomba jembamba lenye chuchu za chuma, kuku anagonga tone linatoka. Akalisifu sana: halichafuki, halimwagiki. Boke akasogeza sikio, Mboje akagusa chuchu. "Rudia." Akarudia. "Sisikii kitu," Boke akasema. "Hili ni zuri kwa mwenye macho."

Ndipo Mboje akachukua mtungi mweupe wa plastiki, akaujaza maji pomoni, akafunga sahani nyekundu mdomoni mwake, akaupindua juu chini. Akauweka mezani. "Hii ndiyo drinka, mayu. Ipapase."

Boke akaweka mkono. Akatafuta mdomo wa mtungi, akakuta kitako. Akaushuka mtungi kwa kiganja mpaka chini, akaelewa ulivyokaa. Mokami anasema uso wake ulibadilika, akarudisha mkono kifuani.

"Umekipindua."

"Ndivyo kinavyokaa."

"Hapana. Kitoe."

Hapa lazima nieleze. Katika ukoo wa Waitara, mwenye mji akifa, chungu chake cha pombe humwagwa mpaka tone la mwisho, kisha hupinduliwa mdomo chini juu ya kaburi. Tangu siku ile, katika mji ule hakuna wa kuacha chombo kimepinduliwa. Hata sufuria zikioshwa hulazwa ubavu. Chungu cha Waitara kipo pale mpaka leo, na Boke anapofagia anakizunguka kwa ufagio.

"Nyumbani kwangu chombo kilichopinduliwa ni kimoja," akamwambia Mboje, "na kinatosha. Asante, baba. Nifungie kihori tu."

Mokami alijua wakiondoka bila chombo cha maji, Boke amekwishapakiwa kwenye gari la Turwa. Akamshika mkono, wakageuka. Walikuwa mlangoni, mguu mmoja nje, kukasikika nyuma yao kitu kidogo sana:

*Bulu.*

Boke akasimama.

"Nani huyo?"

"Nani?" Mboje akauliza.

"Aliyesema."

Wakasikiliza. Pikipiki ikapita barabarani. Kukatulia. *Bulu.*

"Aa," Mboje akasema, "ni hawa jogoo wangu wa kuuza, wapo kwenye tundu hapo chini ya meza. Wana drinka yao. Jogoo akinywa, maji yanashuka kidogo, hewa inapanda ndani, ndiyo inalia hivyo."

"Kila akinywa?"

"Mara kwa mara akinywa. Mayu, nimeuza vyombo hivi tangu nifungue duka, sijawahi kusikia hiyo sauti mpaka leo wewe unaniambia."

Boke akarudi peke yake, bila kushikwa, akifuata ile sauti mpaka magoti yake yakagusa tundu. Akachuchumaa. Mboje akamfungulia. Akapitisha mkono kati ya jogoo, akaukumbatia mtungi kwa kiganja. Ulikuwa baridi. Akapanda na vidole mpaka kitako kilichoelekea juu, akashuka mpaka sahani. Maji ya sahani yalifika nusu kidole, yakatulia. Juu yake mtungi mzima umejaa maji, mdomo wazi, umeelekea chini, na hayamwagiki.

"Yamefika hapa yakasimama," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Nani ameyashika?"

Mboje akakuna kichwa. "Wataalamu wanasema ni hewa ya nje. Inayasukuma kwenye sahani yasitoke. Kuku akinywa, pengo linafunguka, hewa inaingia, maji yanashuka kidogo tu, yanasimama tena."

"Hewa hii hii? Hii tunayovuta?"

"Hiyo hiyo."

Boke akainua mkono wake mwingine akaupunga taratibu mbele ya uso wake, kama anayetafuta pazia. Kisha jogoo mmoja akainamisha shingo juu ya kidole chake akanywa, na Boke akausikia mtungi ukitetemeka kiganjani. *Bulu.* Mokami anasema machozi yalimtoka, naye Boke si mtu wa machozi. Hata msibani alilia kwa zamu kama anayelima.

"Mokami."

"Niko hapa."

"Kile cha mume wangu walikimwaga kwanza. Walikipindua kitupu. Hiki kimepinduliwa kimejaa, na kinapumua. Hakifanani."

"Hakifanani kabisa."

"Baba Mboje, kifunge."

Wakapatana, wakafunga vyombo kwa mpira wa pikipiki, wakarudi.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Asubuhi ya pili Mokami alisikia ukelele, akaruka uzio. Alimkuta Boke amekaa kwenye tope ndani ya banda, khanga yake imejaa vifaranga waliolowa, amewabana kifuani na anawapulizia pumzi ya moto. Chombo alikiweka chini palipoinama upande. Kilikuwa kimelia *bulu bulu bulu* bila kukoma, yeye akifurahi akidhani kuku wana kiu, kumbe maji yote yanatoroka. Mokami akawasha moto wakawakausha. Mmoja hakuamka.

"Rudisha kwa Mboje," Mokami akasema. "Hiki cha mtu mwenye macho pia."

"Hapana. Kilipiga kelele, mimi ndiye sikukielewa. Nisaidie na jiwe."

Jiwe lenyewe ni lile la chini la kusagia ulezi, lililolala jikoni tangu mashine ya kusaga ifike kijijini. Wakalibingirisha mpaka bandani. Boke akamimina maji juu yake kiganja kimoja, akaweka ncha za vidole akayafuata yanakokimbilia. Yakakimbilia mlangoni. Akachomeka kokoto chini upande ule. Akamimina tena. Yakakimbilia ukutani, lakini kwa uvivu. Akatoa kokoto, akaweka dogo zaidi. Alifanya hivyo, anasema Mokami, mpaka yeye mwenyewe alichoka kusimama akakaa. Mwishowe maji yakabaki katikati ya jiwe, kwenye kile kibonde walichokichimba kwa mikono yao, Boke na mama mkwe wake na mama wa mama mkwe, kwa kusaga tu. Boke akaacha vidole vyake pale. Akasema, "Hayataki kwenda popote."

Akakalisha chombo juu ya jiwe, na urefu ukawa sawa na mgongo wa kuku. Vifaranga akawajengea kingazi cha tofali. *Bulu*, mara moja. Kimya.

Kuanzia siku hiyo alihamishia kigoda chake penye ukuta wa banda. Alichambulia dagaa hapo, alisukia ukili hapo. Mokami akipita anamsalimia, na Boke anainua kidole: ngoja. Anasikiliza. Halafu ndipo anaitikia.

Ulezi ukaiva, ukavunwa, ukaingia ghalani. Mwikwabe akaja kama alivyosema. Alikuja na pikapu ya rafiki yake, akaigeuza mkia ukaelekea mlangoni, na nyuma yake alikuwa ametandika godoro ili mama asiumizwe na njia. Mokami aliliona godoro akiwa uani kwake, akaacha mbuzi, akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nenda kaangalie kwanza, ndipo tusalimiane vizuri."

Mwikwabe akaenda. Akakaa huko, akarudi. "Maji ni safi. Kuku ni wazima. Mama Mokami, asante kwa kumwangalizia."

"Nani? Mimi? Mimi nina mbuzi wangu wananitoa roho," Mokami akasema.

"Mama Mokami, mimi si mtoto. Yeye haoni. Atajuaje maji yamebaki kiasi gani? Ukisafiri wewe siku mbili, tutarudi kule kule."

Boke alipiga kigoda kwa kiganja. "Njoo ukae hapa. Nyamaza."

"Mama, barabara ni mbaya, tukichelewa…"

"Nyamaza, mura."

Akakaa. Boke alikuwa amelipa banda mgongo, uso ameuelekeza kwenye milima. Kimya kikakaa sana. Kisha: *Bulu… bulu.*

"Jogoo," Boke akasema. "Anakunywa kama baba yako, hapumziki."

Mwikwabe akachungulia. Jogoo alikuwa anainua kichwa, maji yanamdondoka mdomoni.

*Bulu*, fupi.

"Mtetea yule mwekundu. Amekunywa kidogo akaondoka, ana vifaranga roho haitulii."

Ni kweli, alikuwa ameondoka. Kisha ikaja sauti nyembamba, *lu*, baada ya kitambo *lu*, na Boke akacheka bila kusema, kwa kuwa vifaranga walikuwa wamepanga mstari kwenye tofali kama watoto wa shule bombani. Mwikwabe alikuwa amekwisha kupiga magoti.

"Asubuhi sauti ni nyembamba," Boke akasema. "Maji yakipungua inakuwa nene, kama mtu anaita ndani ya mtungi. Sasa hivi yako chini ya nusu. Si chini sana. Nitajaza jua likipungua."

Mwikwabe akatambaa kwa magoti mpaka ndani ya banda. Mtungi ni mweupe, maji yanaonekana kivuli chake. Yalikuwa chini ya nusu, si chini sana. Alitazama pale, akamtazama mama yake mgongoni, akatazama tena pale. Akaweka sikio lake kwenye plastiki kama mganga kwenye kifua cha mgonjwa. Kuku akaja akanywa karibu na shavu lake. *Bulu.* Alishtuka mpaka akagonga kichwa kwenye fito.

Alipotoka alikuwa na manyoya nyweleni. Akauliza swali ambalo Mokami alikwisha lisikia Mugumu, tena kwa sauti ile ile: "Mama, nani ameyashika yale maji?"

"Hata mimi niliuliza," Boke akasema. "Wanasema ni hewa hii hii. Mimi nasikia kila siku na bado sijazoea."

Mwikwabe akasimama, akaelekea kwenye gari. Mokami akasema moyoni, huyu anakwenda kuchukua kamba ya kufungia mizigo. Mwikwabe akarudi amebeba lile godoro kichwani. Akalitandaza chini ya kivuli cha banda, akavua viatu.

"Unafanya nini?" Boke akauliza, amesikia kitu kimeanguka *pwa*.

"Nimeendesha tangu alfajiri."

"Na Turwa?"

"Nilisema nikikuta wanakunywa maji safi sitasema neno," Mwikwabe akajibu, tayari amelala chali. "Sisemi."

Na hakusema. Jua lilikuwa la mchana, upepo umekufa, gari limesimama pale na mkia wake mtupu. Kuku walikuwa wamechimba mashimo kwenye vumbi, wamejilaza, wamefumba jicho kutoka chini kwenda juu kama wanavyofanya. Mtetea mwekundu alikuwa amevimba, na vifaranga wote wamekwisha ingia chini yake. Mwikwabe akaanza kukoroma. Boke akajisogeza mpaka akakaa pembeni mwa godoro, akapapasa akakuta paji la uso la mwanawe, akaliachia mkono pale. Kwa wiki nyingi, anasema Mokami, yule mama hakuwa amelala mchana wala usiku wake haukuwa na usingizi. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi, kikaegemea ukuta wa banda. Akalala na sikio limegusa fito.

Mokami akabaki peke yake na ungo wa dagaa wa Boke mapajani. Akasema moyoni, ngoja na mimi nifumbe macho nisikie anavyosikia yeye. Akafumba. Kwanza akasikia nzi. Halafu mbuzi wake mbali. Halafu hakuna kitu, kimya kikubwa mpaka kikamwogopesha kidogo, kisha ndani ya kile kimya, karibu kabisa, *bulu*.

Akangoja ya pili mpaka usingizi ukamchukua, na anasema mpaka leo hajui kama ilikuja.